Mama yako aliimba, sasa na wewe unataka kuingia Bongo Fleva: soma hapa kwanza kabla hujalipia studio

Wadogo zangu, ujumbe ninaopata mara nyingi zaidi ni huu, dada mama yangu alikuwa mwimbaji, au baba alipiga gitaa kwenye bendi, na mimi nataka kuimba naanzia wapi. Mimi nimeitikia taarab miaka tisa kwenye kikundi kimoja hapa Dar, baada ya hapo nikahamia kuingiza sauti za nyuma kwenye studio za Bongo Fleva mpaka leo, na mama yangu mzazi naye aliimba, kwahiyo haya nayasema kwa kuyaishi.

Mfano nitautoa kwa Zuchu, mwimbaji wa Bongo Fleva, maana kwa sasa simuoni mwingine anayeonyesha hii habari vizuri kama yeye. Jina lake kamili Zuhura Othman Soud, kazaliwa Zanzibar 1993, mama yake ni Bi Khadija Kopa, malkia wa mipasho, yaani taarab ya vijembe, aliyepitia kikundi cha Culture Musical Club kule Unguja halafu akaja bara akaimba kikundi cha TOT, enzi zile TOT na wapinzani wao Muungano hawapikiki chungu kimoja. Kaka yake marehemu Omary Kopa naye aliimba taarab. Ukisikia hivyo unasema basi huyu alikuta meza imeshaandaliwa, yeye kanawa mikono tu. Lakini hebu angalia tarehe. Katambulishwa rasmi WCB Wasafi, lebo ya Diamond Platnumz, Aprili 2020 akiwa na miaka 26, na wakati anatambulishwa ilielezwa kwamba alishakaa na lebo karibu miaka minne ananolewa bila kutolewa. Miaka minne! Na jina la mama yake lipo palepale, halijamwondoa kwenye foleni.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, yaani asipofua chuma basi hupuliza moto. Watu wengi wanaichukua hiyo kama inasema mtoto lazima atamfuata mzazi wake, sawa, ila mimi neno linalonigusa ni lile la mwisho, huvukuta. Yaani kabla hujashika nyundo kuna kukaa pembeni ya moto unapuliza wenzako wafue. Kwetu sisi kuvukuta ni kuitikia, ni kuimba demo ya wimbo ambao atakuja kuuimba mtu mwingine, ni kusimama nyuma ya mwimbaji Alhamisi mpaka Jumapili unaangalia anavuta pumzi wapi. Mimi pumzi sikufundishwa na mtu darasani, nilijifunza kwa kuangalia mabega ya dada mmoja aliyekuwa anaimba mbele yangu, akiyapandisha najua amekosea na sauti itakatika kabla ya mwisho wa mshororo, na kweli inakatika. Chipukizi wa sasa hivi wanataka kuruka hiyo hatua kwasababu simu inarekodi na mtandao upo, mimi nakwambia usiiruke hata kama mama yako ni nani.

Sasa nyumbani kunakupa nini? Kunakupa sikio na kunakupa mdomo. Sikio kwa maana umekua unasikia muziki unatengenezwa, unajua kabla ya kuambiwa kwamba hapa sauti imeshuka. Mdomo ndiyo matamshi. Msikilize Zuchu anavyotamka, maneno yanatoka mazima, na ile kuyumbisha sauti kidogo mwisho wa mstari ni taarab hiyo, hata biti ikiwa ya kuchezesha watu klabu. Hiki ni kitu ambacho prodyuza hawezi kukuwekea kwa kompyuta. Kama umelelewa nacho usikifiche eti uonekane wa kisasa, nimeona mabinti wanaingia buthi, kile chumba cha kurekodia, wanajibana sauti wafanane na fulani, inauma sana kumsikia mtu anatupa mali yake mwenyewe.

Ila kuna ambacho nyumbani hakukupi, na hiki kilinitesa mimi miezi mingi. Kwenye ukumbi wa taarab wimbo unaweza kwenda dakika kumi, kumi na tano, kwasababu kuna watu wanaokuja kutunza. Mama anainuka kwenye meza ya mwisho kabisa, noti ameishika juu, anakuja anacheza taratibuuu, hana haraka, shoga zake wanne nyuma yake, na mwimbaji anamuona tangu kule kwahiyo anaurudia ule mshororo uliomuinua, anaurudia tena, anaunogesha, mpaka noti imetua na mama amerudi kukaa. Hapo ndipo nilipolelewa. Unasubiri watu wakupe nguvu na wewe unawarudishia. Halafu siku ya kwanza studio nimefungiwa kwenye kachumba peke yangu, hedifoni masikioni, hakuna anayeinuka, wimbo mzima dakika tatu, nikaimba kwa sauti ileile ya kuufikia mlango wa ukumbi, yule kijana wa mitambo akasimamisha biti akaniambia kwa upole tu, dada maiki ipo hapa mdomoni kwako, mwimbie mtu mmoja aliye karibu. Ilinichukua muda mrefu kuielewa hiyo sentensi. Kwahiyo nyie mliokulia kwenye kumbi na bendi za wazazi, fanyeni mazoezi ya sauti ndogo, jirekodi na simu umbali wa shubiri moja, usikilize pumzi yako inavyoingia, usikilize zile "s" zako zinavyochoma sikio. Na jifunze kufika kwenye kiini cha wimbo mapema, sekunde za mwanzo, hakuna mama wa meza ya mwisho wa kukusubiri.

Kuhusu jina la mzazi, litumie kwa kipimo. EP ya kwanza ya Zuchu, yaani albamu fupi, I Am Zuchu, ina nyimbo saba na mama yake yumo kwenye moja tu, Mauzauzau. Mimi naona hiyo ilikuwa hesabu nzuri sana, amempa mama heshima yake, mashabiki wa taarab wamepata chao, halafu zilizobaki watu wamsikie yeye. Mwaka uliofuata ikaja Sukari, na wengi walioicheza hawakuwa wanawaza kabisa habari ya mama yake ni nani. Ukianza kila shoo na "mimi ni mtoto wa fulani" watu watakaa wanasubiri nyimbo za huyo fulani.

Na hizo nyimbo zenyewe, jamani, hapa muwe makini mno. Wengi mnaniambia mnataka kurudia wimbo wa mama. Kwenye taarab mara nyingi mwimbaji siyo mtunzi, mashairi kaandika mtu, muziki kaweka mwingine, mama kauimba ukajulikana kwa jina lake. Mwenye haki anaweza kuwa mzee mwingine kabisa, au wanawe, kwasababu sheria yetu ya hakimiliki huku bara ya mwaka 1999 iliweka ulinzi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kaa na mama, muulize kila wimbo nani alitunga, andika kwenye daftari akiwa bado anakumbuka, ndipo uende kwenye ofisi za hakimiliki, COSOTA kama mko bara au COSOZA kama mko Zanzibar, mkaulize taratibu.

Zako mpya nazo ni hivyohivyo. Mimi niliwahi kutunga kiitikio kizima, maneno na melodi, kwenye studio moja usiku, nikapewa elfu hamsini nikashukuru nikaondoka, hakuna karatasi. Wimbo ukapigwa kila daladala. Jina langu halipo popote na sina cha kuonyesha, nilikuwa naupita mtaani najisikia kulia. Tangu siku hiyo sitoki studio kabla hatujaandika nani katunga nini na kwa asilimia ngapi, tukasaini, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari na kila mtu akapiga picha kwa simu yake. Wengine watakuona msumbufu. Waache wakuone.

Mkataba wa lebo usiusaini siku uliyopewa, upeleke kwa mwanasheria, na hapa mzazi mwanamuziki ni msaada mkubwa maana ameshaumwa huko nyuma, ila mzazi kuwa meneja wako moja kwa moja mimi siishauri, mkigombana kazini mnarudi kula sahani moja.

Ukipata siku yako ya kwanza ya kurekodi nenda na mashairi yameandikwa kwa herufi kubwa, maji yasiyo ya baridi, umelala vizuri, na mama mwache nyumbani. Mpelekee mixi jioni, kaa kimya, mwangalie usoni inapofika kolasi.