Tunadaiwa Gharama za Hospitali Tusizozielewa: Tulipe?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mama yangu alilazwa siku sita katika hospitali moja ya binafsi huku kwetu Kusini, Machi 2022. Alitumia kadi ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) na kusaini fomu, nasi tukalipa shilingi 85,000 za dawa tuliyoambiwa kwamba bima haiigharamii. Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa wa kampuni ya kukusanya madeni, akidai kwamba mama anadaiwa shilingi 1,340,000. Alinitumia ujumbe wenye namba ya simu ya kulipia, akanitaka nitangulize laki moja “ya kuonyesha nia njema”, la sivyo watakuja kubeba vitu vya ndani. Binamu yangu amesoma mtandaoni kwamba nikipinga kwa barua ndani ya siku 30 deni linafutika. Je, nilipe?

Msomaji, Chikongola, Mtwara

JIBU

Ndugu msomaji,

Hiyo laki moja usiitume. Kwa Sheria ya Ukomo wa Madai ya Tanzania, madai yatokanayo na mkataba hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka sita, lakini mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri kwa maandishi yenye sahihi yake, miaka hiyo huanza kuhesabiwa upya tangu siku hiyo. Anayekuomba kidogo “cha nia njema” kabla hajakuonyesha karatasi hata moja huenda anajua vyema anachokitafuta, kwani malipo hayo yatatumika kama ushahidi kwamba mmelikubali deni ambalo hamjaliona.

Nimeusoma ujumbe uliotuambatanishia pamoja na picha ya hati ya mama ya kuruhusiwa kutoka hospitalini. Hati inaonyesha kwamba aliondoka tarehe 14 Machi 2022. Ujumbe unataja “matibabu ya Aprili 2022”. Hautaji namba ya jalada la mgonjwa, wala siku za kulazwa, wala zile 85,000 mlizokwisha kulipa, lakini shilingi 200,000 za “ufuatiliaji” zimo. Mkulima wa korosho hapo kwenu hawezi kuacha magunia yake ghalani bila stakabadhi yenye uzito na daraja la korosho zake. Sioni kwa nini akubali milioni moja na ushee kwa ujumbe wa simu wa mistari minne.

Anzia hospitalini, si kwa mpiga simu. Nendeni na mama mwenyewe, au uende na barua yake ya kukuruhusu, kwa kuwa taarifa za matibabu ni zake. Ombeni kwa mhasibu mchanganuo wa gharama siku kwa siku, nakala ya kila fomu aliyoisaini, na jibu la maandishi kwa maswali mawili: je, hospitali inalitambua deni hili, na je, imeipa kampuni hiyo uwakala wa kulikusanya? Ukimlipa asiye wakala, hospitali inaweza kukudai tena, na utakuwa umelipa mara mbili.

Jambo linalonipa shaka zaidi ni bima. Hospitali ndiyo inayopeleka madai yake kwenye Mfuko, na huenda yalikataliwa kwa sababu fomu ilijazwa vibaya au ilichelewa. Kosa la namna hiyo ni baina ya hospitali na Mfuko, na kwa maoni yangu si haki kumbebesha mgonjwa aliyeonyesha kadi halali. Hata hivyo, baadhi ya hospitali humsainisha mgonjwa karatasi ya kukubali kulipa chochote ambacho bima haitalipa. Ndiyo maana nimesisitiza nakala za fomu zote. Ulizeni pia katika ofisi ya NHIF mkoani kama madai ya siku zile yalipokelewa na yaliishiaje.

Kwa mkusanyaji andika barua fupi, ukiishia hapa: “Bila kukiri deni lolote, tunapinga madai haya na tunaomba mchanganuo wa gharama, nakala ya makubaliano yaliyosainiwa, na barua ya uwakala kutoka hospitalini.” Ipelekeni kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Akipiga simu tena, mwambie aandike.

Kuhusu siku 30, binamu yako amesoma sheria ya Marekani ya mwaka 1977, ambayo humtaka mkusanyaji asimamishe kudai mpaka atoe uthibitisho iwapo mdaiwa atapinga kwa maandishi ndani ya siku hizo. Hata huko deni halifutiki kwa barua tu, na Mtwara sheria hiyo haifiki. Kinachokulinda hapa ni Sheria ya Ushahidi, inayomtaka anayedai athibitishe madai yake.

Vitu vya ndani havibebwi kwa simu. Pasipo hukumu na amri ya mahakama inayotekelezwa na dalali wa mahakama, anayeingia kuchukua televisheni yenu anafanya kosa la jinai, nanyi mna haki ya kwenda polisi. Vilevile, wewe binafsi hudaiwi kwa kuwa tu ni mtoto wake; ungedaiwa kama ulisaini kuwa mdhamini, jambo ambalo hukulitaja na ambalo ni vyema ulikumbuke vizuri kabla ya kuandika barua.

Ikiwa hospitali italithibitisha deni kwa karatasi zinazoeleweka, ombeni kulipa kwa awamu, pengine baada ya malipo ya korosho, na makubaliano yaandikwe. Zile 200,000 za ufuatiliaji zikataeni mpaka muonyeshwe kifungu mlichokisaini kinachoziruhusu. Fedha ziingie katika akaunti ya benki yenye jina la hospitali, mpewe risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) kwa kila awamu, na mwishoni barua inayosema kwamba mama hadaiwi tena.