Maswali na majibu: Kompyuta hazionani, na fayawoli ndo inasingiziwa

Wiki hii karibu maswali yote ni ya watu wenye kompyuta mbili tatu nyumbani, moja Windows, nyingine Mac ambayo shemeji kaileta kutoka nje, nyingine laptopu kuukuu iliyowekewa Linux baada ya Windows kuilemea, na hakuna inayotaka kumsalimia mwenzake. Nimechukua ya wale waliojieleza tu. Yale ya "mkuu mtandao unasumbua nisaidie" nimeyapita na nitaendelea kuyapita, hata fundi gari ukimpigia ukamwambia gari linasumbua atakuuliza linasumbua vipi. Andika ni mashine gani na gani, ipi inaitafuta ipi, na maneno yanayotokea kwenye skrini kama yalivyo, pamoja na namba ya kosa, ile namba haikuwekwa kama pambo.

Nina PC ya Windows 11 na laptopu ya Ubuntu (Linux), zote waifai moja. Nimeshea folda kwenye Windows ila Ubuntu haiioni PC kabisa. Fayawoli nimezima, bado.

Washa fayawoli kwanza ndo tuongee. Hii tabia sijui imetoka wapi, kitu kikigoma kidogo tu wa kwanza kupigwa ni fayawoli, yani mgeni wako kapotea njia wewe unamfukuza mlinzi wa getini.

Shida yako nina hakika asilimia 90 ni kwamba Windows imeiweka waifai yako kwenye kundi la Public. Waifai mpya yoyote unayounganisha inaichukulia kama ya hotelini, kwa hiyo inajificha. Fungua mipangilio ya mtandao, bonyeza jina la waifai yako, utaona Public na Private, chagua Private, halafu kwenye mipangilio ya kushea uhakikishe kushea faili na kuonekana vyote vimewashwa kwa Private. Kwa Private, nimesema. Mwaka juzi nililala gesti moja, nikafungua laptopu nikakuta kwenye orodha kompyuta ya mgeni mwingine iko wazi kabisa, ndani skani ya pasipoti, vyeti vya shule na mkataba wa kiwanja. Huyo bila shaka naye alishauriwa aweke Private kila anapokwenda ili "isisumbue".

La pili, tofautisha kuonekana na kufikika. Ile orodha ya kompyuta kwenye mtandao haijawahi kuwa ya kuaminika, Windows za siku hizi zinatangazana kwa njia moja na Linux na Mac zinatangazana kwa njia nyingine, kwa hiyo mashine inaweza isionekane na bado ikafunguka vizuri tu. Achana na orodha. Kwenye PC fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandika amri, uandike ipconfig, chukua anwani, tuseme 192.168.1.20, kisha kwenye Ubuntu fungua programu ya mafaili uandike smb://192.168.1.20 uone. Ikigoma, fungua Terminal, dirisha la amri la Ubuntu, andika nc -zv 192.168.1.20 445, hiyo 445 ndo namba ya poti, yani mlango wa kupeana mafaili. Ikijibu kwamba imefanikiwa basi mlango upo wazi na tatizo lako ni jina na paswedi. Usije ukaniandikia kwamba umepiga ping (amri ya kugonga hodi kwenye kompyuta nyingine) haijibu kwa hiyo PC imekufa, Windows ikitoka kiwandani haijibu ping, ni kawaida yake.

Ila ukiona anwani inaanza na 169.254 usiendelee na chochote, hiyo maana yake kompyuta iliomba anwani kwa rauta haikupewa ikajitungia yake. Hapo shida ni waya, waifai au rauta yenyewe, na mambo ya kushea folda hayajafikiwa bado.

Inafunguka lakini inaomba jina na paswedi. Naweka PIN yangu ileile ninayoingilia Windows, inakataa.

Hili nimelijibu sijui mara ngapi. PIN ni ya mashine hiyo tu, haivuki waya. Ni kama ufunguo wa chumbani, huwezi kuutumia getini. Kinachotakiwa ni paswedi ya akaunti, na kama uliingia kwa akaunti ya Microsoft basi ni barua pepe yako na paswedi yake, ambayo wengi mmeshaisahau kwa sababu tangu mnunue laptopu mnaingia kwa PIN au kwa kidole.

Mimi sipendi kusambaza paswedi ya barua pepe yangu kwenye kila kompyuta ya nyumbani, watoto wakiijua wameijua. Tengeneza mtumiaji wa kawaida kwenye hiyo Windows, asiye na uhusiano wowote na Microsoft wala asiye msimamizi, mwite "nyumbani", mpe paswedi ya maana, halafu umruhusu kwenye folda. Na hapa wengi ndo wanapoangukia, ruhusa ziko sehemu mbili, kuna ya kwenye kushea na kuna ya kwenye diski yenyewe, ile sehemu imeandikwa Security, na inayobana zaidi ndo inayoshinda. Umempa kusoma na kuandika kwenye kushea lakini kule Security hayupo? Hataingia. Mtu anakaa siku nzima anabadilisha upande mmoja tu halafu anasema Windows ina majini.

Upande wa pili sasa. Nimeweka Samba kwenye Linux, Windows inaikataa paswedi ileile ninayoingilia Linux.

Samba, ile programu inayoiwezesha Linux kushea mafaili na Windows, ina daftari lake la paswedi. Andika sudo smbpasswd -a na jina lako, weka paswedi, imeisha.

Homegroup imeenda wapi?

Ile njia ya zamani ya Windows ya kushea nyumbani iliondolewa 2018. Acha kuitafuta.

Nilikuwa na diski imechomekwa kwenye USB ya rauta, wote nyumbani tunaifungua bila paswedi. Baada ya apdeti ya Windows 11 Pro, ile 24H2, inakataa. Kuna video inasema niwashe SMB1. Niwashe?

Usiwashe. Na hao wanaotengeneza hizo video nawaomba wapumzike.

SMB ni lugha ambayo kompyuta zinatumia kupeana mafaili, na SMB1 ni ile lahaja yake ya kale, mzizi wake ni miaka ya 80. Mei 2017 WannaCry, ile programu hasidi inayofunga mafaili na kudai pesa, ilipita humohumo, ikafunga kompyuta zaidi ya laki 2 kwenye nchi takriban 150, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani, na kiraka cha kuziba hilo tundu kilikuwa kimeshatoka tangu Machi mwaka huohuo, watu hawakuweka. Mwaka uleule Microsoft wakaacha kuiweka SMB1 kwenye Windows 10 mpya. Samba nao wakaizima 2019. Sasa wewe unataka kuirudisha ili uangalie muvi.

Isitoshe, huenda SMB1 haihusiki kabisa na tatizo lako. 24H2 kwenye Pro imebadilisha mambo mawili. Kwanza haikubali kuingia kama mgeni asiye na paswedi. Pili inadai kila ujumbe uwe na sahihi, na sahihi inatengenezwa kutokana na paswedi, sasa mgeni asiye na paswedi atasaini na nini? Dawa ni kuingia kwenye ukurasa wa rauta, sehemu ya USB, na kuweka jina na paswedi kwenye hiyo diski. Ukishafanya hivyo jaribu tena. Kama bado, angalia kama rauta ina apdeti. Kama hiyo rauta haijui lugha nyingine zaidi ya SMB1 basi chomoa diski, ichomeke kwenye ile laptopu kuukuu, weka Linux na Samba, umepata seva ya nyumbani bure, na betri yake ndo UPS umeme ukikatika, kama bado inashika chaji.

Najua kuna njia ya kuilazimisha Windows iwakubali wageni, msiniandikie kunikumbusha. Sijaitaja makusudi.

Mac haiandiki kwenye diski ya nje niliyotumia kwenye Windows. Je nikiishea kwa mtandao nayo itagoma?

Haitagoma. Diski imefomatiwa NTFS, mpangilio wa Windows, Mac inaisoma ila haiandiki. Kwa mtandao anayeandika kwenye diski ni Windows yenyewe, Mac inamkabidhi tu mzigo. Na usiifomati FAT32 kama mlivyozoea, faili likizidi GB 4 haliingii. Kama lazima ihame mkono kwa mkono weka exFAT.

Windows inaiona Mac lakini inasema paswedi siyo sahihi, na ni sahihi.

Kwenye Mac, pale kwenye kushea mafaili, kuna kitufe cha Options, ndani yake kuna orodha ya watumiaji chini ya maneno ya kushea na Windows. Weka tiki kwenye jina lako, itakuomba paswedi, weka. Bila hiyo tiki unaweza kupiga paswedi mpaka kesho.

Nyumba yetu ni ghorofa, chini kuna rauta ya faiba, juu nimeweka rauta nyingine niliyonunua Kariakoo, nimevuta waya. Intaneti iko poa kote ila kompyuta za juu na za chini hazionani.

Hili swali nalipenda, maana ndugu yetu kaeleza nyumba nzima. Angalia anwani. Chini utakuta 192.168.1 kitu fulani, juu 192.168.0 kitu fulani. Umejenga nyumba mbili zenye kuta katikati. Waya kutoka chini umeuchomeka kwenye tundu la WAN la rauta ya juu, lile la rangi tofauti, na rauta ikipokea waya hapo inadhani upande wa pili ni dunia nzima, inajikinga nao. Za juu zinaweza kufika chini ukiandika anwani, za chini kwenda juu hazipiti.

Ingia kwenye rauta ya juu utafute kama ina hali ya Access Point, yani iwe ya kusambaza waifai tu, ukiipata ichague, kazi imeisha. Kama haina, fanya kwa mkono: ipe anwani ya familia moja na ya chini ambayo haijatumika na mwingine, mfano 192.168.1.2, zima ugawaji wake wa anwani yani DHCP, halafu hamisha waya kutoka WAN uweke kwenye tundu la kawaida. Kwa mpangilio huo huo. Ukihamisha waya kabla ya kuzima DHCP utakuwa na rauta mbili zinagawa anwani kwenye nyumba moja, na leo itafanya kesho haitafanya, utachanganyikiwa.

Na kwa kuwa hujauliza nakuambia: kama huko juu wapo wapangaji mnaochangia intaneti, ule ukuta unaokukera ndo unaokulinda. Uache. Wape hata waifai ya wageni, ile haiwaruhusu kuona kompyuta zako kabisa, na ndo sababu nyingine inayofanya watu walalamike "zipo waifai moja hazionani", kumbe mmoja yuko kwenye ya wageni.

Nakopi muvi za GB 8 kutoka PC kwenda Mac, dakika 50. Intaneti yangu ni Mbps 20, nipandishe kifurushi?

Usipandishe, utawatajirisha bure. Mzigo kutoka chumbani kwenda sebuleni hautoki nje ya nyumba, hata bando likiisha unaendelea kukopi. Kwamba hesabu yako inakuja kama Mb 21 kwa sekunde ni bahati mbaya tu iliyokudanganya.

Kinachokula muda ni waifai ya GHz 2.4, ambayo jirani zako wote wako humo, na kwa kuwa kompyuta zote mbili ni za waifai kila kipande kinapita hewani mara mbili, kwenda kwenye rauta na kutoka. Hamia GHz 5 kama mko karibu na rauta. Au vuta waya. Waya wa Mbps 100 unakupa kama MB 11 hivi kwa sekunde, GB 8 dakika 12. Ukiwa na gigabiti ni kama MB 110, dakika moja na kitu diski zikikubali. Kumbuka b ndogo na B kubwa siyo kitu kimoja, gawa kwa 8. Na fundi akikuchomekea nyaya nne tu kati ya nane kwenye ile pini, hata rauta iwe ya bei gani utaishia 100. Hesabu nyaya kabla hujamlipa.

Faili zangu za Linux nikizifungua kwenye Windows zina majina ya ajabu yenye alama ya ~.

Umeandika "Kikao saa 4:30". Windows haitaki nukta mbili kwenye jina, wala alama ya kuuliza, wala nyota. Andika 4.30.

Laptopu moja ina Windows na Linux. Nikitoka Linux, saa ya Windows inarudi nyuma masaa matatu.

Linux inaandika kwenye saa ya mashine muda wa UTC, yani saa ya kimataifa, Windows inasoma ikidhani ni wa hapa, na sisi tuko mbele kwa masaa 3. Kwenye Linux andika timedatectl set-local-rtc 1. Itakulalamikia kidogo, ipuuze.

Niko Muscat, kompyuta yenye picha za familia iko Tanga. Nataka nifungue poti 445 kwenye rauta ya nyumbani ili niione kutoka huku.

Hapana. Rudi juu usome habari ya 2017, ndo poti hiyohiyo. Ukiifungua kwa dunia, wanaoigonga watafika kabla yako, ni mashine zinazunguka mtandaoni usiku na mchana zinajaribu kila anwani.

Weka Tailscale, programu inayounganisha kompyuta zako zenyewe kwa njia ya siri kupitia intaneti, kwenye ile ya Tanga na kwenye yako, uingie kwa akaunti moja, zitaonana kana kwamba ziko sebule moja, na hakuna poti ya kufungua. Inafanya hata kama intaneti ya nyumbani ni ya laini ya simu ambayo haina anwani yake yenyewe huko nje, ambapo hata ungefungua hiyo poti isingekusaidia kitu. Ukishaunganisha unatumia smb:// na ile anwani inayoanza na 100 utakayopewa, au kama huko uko na Windows unaweka mikwaju miwili ya kurudi nyuma, \\, kisha anwani. Jina na paswedi ni za yule mtumiaji "nyumbani" tuliyemtengeneza pale juu. Halafu mwambie aliyeko Tanga azime ile mipangilio ya kompyuta kulala, ikilala hutaifikia, na asichomoe waya wa rauta kila akitaka kuchaji simu.