Anza na varna na jati

Mdogo wangu, unasema zimebaki wiki mbili mtihani wa sosholojia kuhusu jamii ya India, na mambo ya kasta, yaani matabaka ya kuzaliwa, yanakuvuruga. Basi anza hapo hapo. Varna ni matabaka makuu manne tu, ya kwenye maandiko ya Kihindu. Jati ni makundi halisi ya kasta, maelfu kwa maelfu, na ndimo watu wanamooana. Ukizichanganya, alama zimekwenda. Halafu shika usanskritishaji wa mwanasosholojia wa India M. N. Srinivas: jati ya chini inaacha nyama na pombe, inaiga ibada za walio juu ili ipande hadhi. Ibara ya 17 ya Katiba ya 1950 ikae kichwani: ilipiga marufuku kuwatenga watu kama wasioguswa. Mada ya familia pitia haraka, ila Wakhasi wa Meghalaya, jimbo la kaskazini mashariki mwa India, usiwaruke. Kwao kitinda mimba wa kike ndiye anayerithi nyumba. Watahini wanampenda sana huyo binti.