Nilipanda Gari, Voigt Akapanda Baiskeli ya Mtoto

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nimemaliza wa mwisho kwenye mashindano, wenzangu wananicheka. Niache baiskeli?" Swali lake limenitonesha kidonda.

Miaka mitatu iliyopita nilianguka mashindanoni kwenye mteremko, zikiwa zimebaki kilomita 30. Goti lilichubuka, rimu ya mbele ikapinda. Mzee mmoja muuza maziwa akasimama, akashusha madumu yake mawili, akaniambia, "Mwanangu, chukua hii yangu, utanirudishia jioni." Nikaitazama ile baiskeli, keria imefungwa kwa mpira, nikaona haya. Likaja gari la kuzoa walioshindwa, nikapanda. Nahodha wa timu hakuniita tena, wala salamu hakuniletea. Inaniuma mpaka leo.

Na kinachoniuma zaidi, kisa cha Jens Voigt nilikuwa nakijua! Mwendesha baiskeli huyu wa Ujerumani alipasukiwa tairi akiteremka mlima Peyresourde, kwenye Tour de France ya 2010, yale mashindano ya wiki tatu ya baiskeli huko Ufaransa, akaanguka vibaya na baiskeli yake ikavunjika. Magari ya timu yake yalishapita. Gari la kuzoa lilipofika, alikataa kupanda. Akapewa baiskeli ndogo ya njano ya mtoto, akaikanyaga hivyo hivyo kilomita kadhaa hadi akapata baiskeli ya timu aliyoachiwa njiani. Siku ile alimaliza, na Paris, mwisho wa Tour, akafika.

Tour hakuwahi kuishinda. Aliianza mara 17, akashinda hatua mbili, yaani mbio za siku moja ndani ya Tour, akavaa jezi ya njano ya anayeongoza mwaka 2001 na 2005. Wapo walioshinda kuliko yeye ambao leo hakuna anayewakumbuka. Voigt watu walimpenda kwa sababu kila siku alichomoka mbele ya kundi, akapambana na upepo mpaka akaishiwa, na kesho yake akachomoka tena. Miguu ikilalamika, aliiamuru inyamaze. Mashabiki wakaliandika neno lake hilo barabarani.

Kwa hiyo mdogo wangu, usiache. Jifunze kumaliza. Ukiwa wa kwanza maliza, ukiwa wa mwisho maliza. Sisemi ufe barabarani: mwaka 2009 Voigt huyo huyo alianguka kwenye Tour akiteremka mlima Petit-Saint-Bernard, akavunjika mfupa wa shavu, akapelekwa hospitali, na hakuna aliyemlaumu. Lakini kama mifupa ni mizima na kichwa hakizunguki, aibu isikushushe kwenye baiskeli. Aibu ndiyo iliyonishusha mimi.

Tena usikubali kuambiwa umri umekupita. Septemba 18, 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 43, Voigt aliweka rekodi ya dunia ya umbali wa kuendesha baiskeli kwa muda wa saa moja pale Grenchen, Uswisi: kilomita 51.110. Rekodi ilivunjwa mwezi uliofuata. Yeye alikuwa ameshastaafu, roho yake imetulia.

Jumamosi narudi kwenye mteremko ule kwa mazoezi. Kama uko karibu, njoo saa kumi na mbili asubuhi. Nitapita kwanza kwa yule mzee wa maziwa. Sijawahi hata kumshukuru.