Re: Breki za Porsche Cayenne Turbo zinalia, pedi ni mpya

Salama mkuu. Nimekuelewa: ukishuka taratibu kutoka UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) breki zinapiga mluzi, pedi umebadilisha juzi tu, na fundi anataka ununue diski. Usitoe hela kwanza.

Pedi za magari yenye kasi kama hilo mara nyingi zina chuma kingi, kwa hiyo kulia kidogo asubuhi zikiwa baridi ni kawaida yake. Zikilia hata zikishapata moto, fungua tairi uchungulie mgongo wa pedi: vile vibati vyembamba vya kuzuia mtetemo vimerudishwa? Mafundi wengi huvitupa pamoja na pedi kuukuu, halafu lawama inaangukia diski! Grisi ya breki ipakwe mgongoni tu. Ikigusa uso wa pedi, pedi hiyo ni ya kutupa.

Vikiwepo, tafuta barabara tupu uzizoeshe pedi mpya na diski. Ukiwa kilomita 80 kwa saa kanyaga breki hadi 15 bila kusimama kabisa, rudia mara nane hivi, kisha endesha bila kukanyaga breki ili zipoe.

Ila kama inakwaruza hata hujakanyaga, mara nyingi ni kokoto imenasa nyuma ya diski. Kwa vumbi la Nkuhungu hapo Dodoma si ajabu.

Diski zenyewe ni za chuma au kauri? Kama ni kauri, fundi asizipeleke kuchongwa.