Kwa Mwanangu, Kuhusu Safari ya London ya Februari 2003

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini nilikuacha kwa jirani alfajiri ya tarehe 15 Februari 2003, nikapanda basi kutoka Leicester kwenda London kuandamana kupinga vita vya Iraq, ilhali vita hivyo vilianza mwezi uliofuata kana kwamba hakuna aliyetusikia. Swali lako ni la haki.

Nilikuwa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, na tangu siku ile siwezi kuwasikiliza viongozi wakipanga mashambulizi bila kuwafikiria makarani na wachuuzi walio chini yake. Siku moja kabla ya safari yetu, Hans Blix, mkuu wa wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa, alikuwa ameliambia Baraza la Usalama kwamba hawajapata nchini Iraq silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu ya vita. Ndani ya basi hatukuzungumza jambo jingine. Walikuwamo akina mama wa kanisani, vijana wa msikitini na walimu wastaafu, wengi wao hawajawahi kuandamana maishani, na mabishano yalikuwa makali. Mzee mmoja alisema Saddam Hussein ni dhalimu asiyestahili kutetewa. Hakuna aliyempinga, tulichokataa ni kwamba udhalimu huo uwe ruhusa ya kuwalipua watu wale wale aliowadhulumu.

London ilikuwa na baridi kali, nasi tulisimama muda mrefu kuliko tulivyotembea, kwa maana msafara uliotoka Embankment na ule wa Gower Street ilikutana Piccadilly kabla ya kuelekea Hyde Park. Polisi walikadiria watu 750,000. Waandaaji walisema tunakaribia milioni 2. Siku hiyo hiyo watu waliandamana katika mamia ya miji duniani.

Tarehe 18 Machi Bunge la Uingereza liliidhinisha vita kwa kura 412 dhidi ya 149, siku moja baada ya Robin Cook kujiuzulu uwaziri kwa kuvipinga. Niliumia sana, mwanangu, na sitakuambia kwamba maandamano yetu yaliokoa hata nyumba moja ya Baghdad.

Hata hivyo, ningekwenda tena. Serikali inapopigana kwa jina la raia wake, raia asiyekubali ana wajibu wa kulisema hilo hadharani, mapema, kabla ya bomu la kwanza, ili baadaye asiwepo wa kudai kwamba nchi nzima iliafiki. Tarehe 29 Agosti 2013, Bunge hilo hilo lilikataa kuishambulia Syria kwa kura 285 dhidi ya 272, na Waziri Mkuu David Cameron alikiri mbele ya wabunge kwamba suala la Iraq lilikuwa limetia sumu katika fikra za wananchi. Naamini tulichangia kukataa huko. Na mwaka 2016 ripoti ya John Chilcot, aliyeongoza uchunguzi rasmi wa Uingereza kuhusu vita vya Iraq, ilieleza kwamba njia za amani zilikuwa bado hazijamalizika vita vilipoanzishwa, jambo ambalo watu wa basi letu walikuwa wakilisema miaka 13 kabla yake.

Mama yako