Maji ya bwawa yanang'aa, vipimo vimegoma

SWALI: Mtaalamu, niko kitengo cha mazingira kwenye mgodi wa shaba nchini Marekani. Tuna kibali cha kutoa nje maji ya mvua yanayotiririka mgodini, na bwawa letu la kutuamisha tope tumelisafisha karibuni. Maji yanayotoka ni maangavu hadi unaona chini, lakini maabara inasema shaba na zinki ziko juu na pH (kipimo cha asidi; 7 ni katikati, chini yake ni asidi) ni 4.3. Muuzaji mmoja anatushawishi tununue dawa ya kugandisha uchafu bwawani. Mwenzangu anasema tunachukua sampuli mapema mno, tungoje mvua ipungue. Tumsikilize nani?

JIBU: Msimsikilize yeyote kati yao. Tatizo lenu haliko bwawani wala kwenye saa ya kuchukua sampuli. Liko huko juu, kwenye lundo la mawe taka, yaani mawe yaliyochimbuliwa na kutupwa kwa kuwa hayana madini ya kutosha.

Imani kwamba maji maangavu ni maji safi naikuta mgodi baada ya mgodi, na inanikera kwa sababu ndiyo inayowapa wauzaji wa dawa riziki. Metali husafiri kwa njia mbili: ikiwa imenata kwenye chembe za tope, au ikiwa imeyeyuka ndani ya maji. Iliyoyeyuka huioni. Tena maji yenye asidi mara nyingi hung'aa kuliko ya kawaida, maana asidi na alumini hugandisha chembe za udongo zikazama zenyewe. Kwa pH ya 4.3, uangavu huo ungewatia shaka, si faraja.

Thibitisheni hivi: sampuli moja ipimwe mara mbili, kwanza nzima, kisha ikiwa imechujwa kwa chujio la mikromita 0.45. Chujeni palepale, kabla ya kutia asidi ya kuhifadhia, kwa sababu ukitia asidi kwanza unayeyusha kilichokuwa kwenye tope na jibu linaharibika. Vipimo viwili vikikaribiana, shaba yenu imeyeyuka, na dawa ya kugandisha tope haitaigusa.

Dawa hizo zina kazi yake halali. Chembe ya milimita 0.02 huzama mita moja kwenye maji yaliyotulia kwa muda usiofika saa moja. Ya milimita 0.002 huhitaji siku tatu hivi. Kwa udongo laini namna hiyo dawa husaidia kweli. Lakini ninyi hamna shida ya tope, na baadhi ya dawa hizo, zenye chaji chanya, hunata kwenye matamvua ya samaki.

Akishindwa na hiyo, muuzaji atarudi na chokaa. Chokaa hupandisha pH na kuitoa metali majini, ila si metali zote kwa pH moja. Shaba hutoka vizuri kwenye 7 hadi 8, zinki hutaka karibu na 9, na alumini huanza kuyeyuka tena ukipanda zaidi. Vibali vingi huweka pH kati ya 6.0 na 9.0. Anayemwaga mifuko kwa kukadiria kwa macho ataipita 9 asubuhi na kuwa chini ya 6 jioni. Na tope la metali linaloachwa chini ya bwawa litayeyuka upya mvua nyingine yenye asidi ikiingia.

Sasa twende kwenye lundo. Madini ya pairiti (ya chuma na salfa), yaliyomo kwenye mawe hayo, yakikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfuriki, na bakteria huiharakisha kazi hiyo. Kwenye mgodi wa Iron Mountain, California, wanasayansi walipima chini ya ardhi pH ya −3.6. Uchimbaji ulikoma pale mwaka 1963, na hadi leo maji yake yanatibiwa.

Nendeni kwenye kitako cha lundo siku ya ukavu. Mtaona ukoko juu ya mawe: mweupe, wa manjano, pengine wa kijani-buluu. Tieni kijiko kimoja cha ukoko huo kwenye chupa ya maji safi, tikiseni, pimeni pH. Hiyo ndiyo shaba iliyokuwa ikiisubiri mvua. Mvua ya kwanza baada ya ukavu huuyeyusha wote kwa mkupuo, na ndiyo maana kibali cha jumla cha EPA, shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, cha mwaka 2021 kinataka sampuli ndani ya dakika 30 za mwanzo za maji kutoka, baada ya angalau saa 72 tangu mvua iliyotangulia. Ikishindikana, unachukua mapema iwezekanavyo na kuandika sababu. Mwambie mwenzako kwamba chini ya kibali hicho kuzidi kiwango cha kulinganishia (kinachoonyesha kama hatua zenu zinatosha) peke yake si uvunjaji wa sheria. Kukaa bila kurekebisha ndiko uvunjaji. Na kuandika kwa makusudi saa ya uongo kwenye fomu ni jinai.

Angalieni pia kama kitako cha lundo kinavuja hata siku zisizo na mvua. Maji hayo si ya mvua, kibali hicho hakiyahusu, yanahitaji kibali chake.

Kazi yenyewe ni kuzuia maji yasiguse mawe. Milimita 50 za mvua kwenye hekta 10 ni mita za ujazo 5,000. Maji ya mlimani yakichepushwa kwa mtaro kabla hayajafika kwenye lundo, mnabaki na yale tu yanayolidondokea, na sehemu ya juu mnaisawazisha kwa mteremko na kuifunika kwa udongo mfinyanzi ulioshindiliwa. Sheria ya Marekani, tangu marekebisho ya mwaka 1987, haidai kibali kwa maji ya mvua ya mgodini yaliyochepushwa bila kugusa mawe taka, mbale (mawe yenye madini) wala mabaki ya uchenjuaji. Watu hulipia dawa miaka nenda rudi huku mtaro wa namna hiyo haujachimbwa.

Na mkiuchimba, msiutandaze mawe kutoka kwenye lundo lilelile. Nimeona mitaro, matuta na barabara za malori zilizojengwa kwa mawe yenye pairiti kwa sababu yalikuwa karibu na ya bure. Huo ni mtambo wa asidi uliojengwa kwa ramani ya mhandisi. Pimeni mawe kwanza: uwezo wake wa kutoa asidi dhidi ya uwezo wake wa kuizimua. Mawe ya chokaa nayo, yakitumika kwenye mtaro wenye chuma kingi, hufunikwa na kutu na kuacha kufanya kazi bila yeyote kugundua.

Muuzaji akiendelea kusisitiza, mpeni sampuli yenu iliyokwisha kuchujwa, atie dawa yake mbele yenu, kisha maabara mliyoichagua ninyi ipime shaba iliyoyeyuka kabla na baada. Msisaini chochote kabla ya majibu hayo.